Mende Wafu wa Jemadari

Jina la Jemadari alijipa mwenyewe, na watu wa sokoni walimwachia ili awapunguzie kelele. Hakuwahi kuvaa gwanda la jeshi wala kushika bunduki. Kazi yake ilikuwa kuuza dawa ya mende, kunguni na panya kwenye lango la soko, na mara mojamoja kuitwa kupuliza dawa kwenye jiko la hoteli au bweni la shule. Lakini ukimsikiliza akisimulia jinsi alivyoingia jiko fulani peke yake, bomba mgongoni na kitambaa puani, ungedhani angechelewa dakika tano mji mzima ungehamwa.

Alikuwa mfupi, kitambi mbele, na daima alivaa koti la kaki lenye mifuko sita. Koti hilo halikufuliwa. Mkewe, aliyekuwa akipiga pasi kwa dobi siku nzima na hivyo kulijua vazi chafu kwa kulitazama tu, aliwahi kuliomba mara mbili tatu, akaambiwa kwamba koti la kazi hunukia kazi. Akaacha kuliomba.

Juu ya meza yake kulikuwa na kipaza sauti kilichorudia maneno yaleyale kuanzia asubuhi mpaka soko linafungwa: "Mende, kunguni, panya, wote kwaheri! Leo wamekula, kesho hawapo!" Sauti ilikuwa yake mwenyewe, na aliipenda. Muuza nyanya wa pembeni yake alisema siku moja atazikwa huku anaisikia.

Ila chombo chake hasa kilikuwa sinia. Kwenye sinia hilo, juu ya karatasi nyeupe, walipangwa mende wafu, mende wa kweli, kwa safu na kwa vyeo. Mbele walikaa makuruta, wale wadogo wekundu wa makabatini. Nyuma yao masajini. Safu ya mwisho ilikuwa ya majenerali, wale wa kwenye mifereji ya maji machafu, wenye urefu wa kidole gumba na mabawa yanayong'aa. Aliyekatika mguu au kichwa aliondolewa, naye Jemadari akitangaza kwa wapita njia kwamba huyo amestaafu. Kichekesho hicho alikitoa kila siku, na kila siku alikicheka wa kwanza.

"Mteja hununua kwa macho," alikuwa akisema. "Akiona maiti, anaamini."

Ng'ambo ya lango alikaa mzee mmoja mpole aliyeuza dawa hiyohiyo, ya kiwanda hichohicho, ila yeye alikuwa na ubao wa plastiki wenye picha ya mende mkubwa aliyelala chali. Jemadari alimwita Mchoraji. Hakumpa hata salamu kamili. "Yule anauza picha," aliwaambia wateja, akimnyooshea kidevu. "Nenda kamnunue mende wa karatasi, ukapulize dawa kwenye daftari."

Wateja nao hawakusalimika. Mtu akija kwa aibu zake, akainama na kunong'ona kwamba anaomba ile dawa, Jemadari alizima kipaza sauti ili soko zima lisikie vizuri. "Dawa gani, mama? Ya mende? Sema mende, usione haya! Wako jikoni au mmeshaanza kulala nao?" Wengine walikimbia. Wengi walinunua upesi ili aache kusema, na yeye akahesabu kwamba huo ni ufundi wa biashara.

Sasa, mende wa sinia hawakuota kwenye mti. Alipomaliza kupuliza dawa hotelini, Jemadari alisubiri, akafagia sakafu, akachagua wazuri, akarudi nao nyumbani kwenye mfuko. Aliwaanika juu ya paa kwenye kipande cha bati mpaka wakauka kau. Wakishakauka, aliwaweka akiba kwenye sanduku la bati, lile la shule, lililokuwa la dada yake mkubwa zamani. Sinia lilikula watu sana: jua liliwavunja, upepo uliwapeperusha, na kila wiki safu zilihitaji askari wapya.

Swali la mahali pa kuweka sanduku lilileta ugomvi nyumbani. Mkewe alisema jikoni kwake hawaingii, wazima wala wafu. Sebuleni kuna wageni. Nje aliliacha siku moja tu, kifuniko wazi, na kuku wa jirani wakala kikosi kizima pamoja na majenerali wanne. Basi likasukumwa chini ya kitanda cha binti yao, kwenye kile chumba kidogo chenye dirisha la kupokea jua la asubuhi. Na kwa kuwa palikuwa na mwanga mzuri, Jemadari akahamishia hapo na ukaguzi wa kikosi. Kila asubuhi, binti akienda kuoga, baba alikaa ukingoni mwa kitanda, akafungua sanduku juu ya magoti, akachagua wa siku hiyo, akawapuliza vumbi kwa mdomo, mmoja mmoja, fuu, fuu. Vumbi lilitua linapotua. Akifunga sanduku, alipangusa mikono kwenye koti.

Binti alikuwa na miaka kumi na miwili. Alirithi jina la mama mzazi wa Jemadari, kwa hiyo baba yake alimwita Mama, na kwa kweli alimpenda. Hilo nalisema mapema ili asije mtu akadhani nasimulia habari za mkatili. Nasimulia habari za mjuaji, na mjuaji ana hatari yake. Mtoto alikuwa na pumu. Ilimwanza akiwa na miaka minane, mwaka uleule sanduku lilipoingia chumbani kwake, na katika nyumba yenye mtu anayejua idadi ya miguu ya kila mdudu hakuna aliyezipanga hizo tarehe mbili pamoja.

Jemadari alikuwa na maelezo yake. Kwanza ilikuwa baridi, akapiga marufuku kuoga maji ya bomba. Kisha ikawa chaki za shule. Kisha mafuta ya nywele ya mama mtu. Kisha akamshika uchawi paka, paka wa watu asiye na kosa, akamtia kwenye gunia na kumhamishia sokoni kwa wauza samaki, ambako nasikia alinenepa. Mtoto akaendelea kukoroma kifuani kama filimbi yenye maji, akaamka na pampu ya pumu mkononi, akakosa shule siku mbili kila wiki.

Likizo moja alipelekwa kwa shangazi yake, upande wa pili wa mji, akakaa wiki tatu. Pampu haikutoka kwenye begi. Alirudi mashavu yamejaa, anaruka kamba. Siku ya nne filimbi ikaanza tena.

Shangazi alikuja mwenyewe. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwanamke wa maneno machache na mkasi mkali. "Wewe," alimwambia mdogo wake, "huyu mtoto kwangu alikimbia mpaka akavunja kiatu. Kwako kuna nini?"

"Dada, kwako kuna starehe. Hafagii, haoshi chombo, atabanwa na nini? Mtoto akidekezwa hata ugonjwa unamwonea haya."

"Na akirudi ugonjwa unamwingia?"

"Akirudi anakumbuka kazi. Anajibanisha."

Shangazi akamgeukia wifi yake. "Pole, wifi," akasema, akaaga.

Ilikuwa ni mkewe aliyesikia kwamba kwenye zahanati ya mtaa wa tatu kuna muuguzi wa pumu anayepima ngozi ili kujua kifua cha mtu kinachukizwa na nini. Yeye kazini hapewi ruhusa, kwa hiyo aliyempeleka mtoto alikuwa Jemadari, na koti lake, akinung'unika kwamba anapoteza asubuhi nzima ya wateja kwa ajili ya kuambiwa asichokiuliza.

Muuguzi alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimlaza mtoto mkono juu ya meza, akachora alama za kalamu, akadondosha tone kwenye kila alama na kulichoma kidogo kwa ncha ya sindano. Hili vumbi la godoro, hili la chavua ya maua, hili la manyoya ya paka, hili la mende. Wakasubiri robo saa. Mtoto aliruhusiwa kutazama, asiruhusiwe kujikuna. Alama ya paka ilibaki bapa. Alama ya mende ilivimba, ikawa nyeupe katikati na nyekundu pembeni, kubwa kuliko kifungo cha shati.

"Ni mende," muuguzi akasema.

Jemadari alicheka. Alicheka mpaka mgonjwa wa kwenye benchi akachungulia. "Dada, unajua unaongea na nani?"

"Sijui," akasema muuguzi, akiandika.

Neno hilo lilimchoma kuliko sindano ilivyomchoma mtoto. Akamweleza. Akamtajia hoteli, mabweni, idadi ya maiti. Akasema kwamba katika nyumba yake mende hajakanyaga tangu aanze kazi, na kama yupo basi amekuja kujiandikisha kufa.

"Basi vizuri," akasema muuguzi. "Alhamisi huwa nazungukia nyumba za wagonjwa. Nitakuja nione."

"Karibu sana. Uje na tochi."

Jumanne alipuliza dawa nyumba nzima. Jumatano akapuliza tena, kwa heshima ya mgeni. Mtoto alikohoa siku zote mbili mpaka macho yakawa mekundu, na baba akasema dawa isiyokohoza si dawa.

Alhamisi muuguzi akaja, mkewe Jemadari akiwa kazini. Jemadari alimtembeza kama mwenye jumba la makumbusho. Akamfungulia makabati, akamwinulia mkeka, akamsogezea jiko, akamwekea kiti achungulie nyuma ya mabati ya dari. Kweli hapakuwa na mende. Hapakuwa hata na sisimizi. Muuguzi alikubali kila alichoonyeshwa na kuandika, na Jemadari alizidi kuvimba kila alipoandika.

"Sasa niambie," akasema walipofika chumbani kwa binti, "kile kitone chako kilisema ukweli au kilitania?"

Muuguzi alikaa kitandani kupumzisha miguu. Kisigino chake kikagonga bati. "Hapa chini kuna nini?"

"Hapo?" Jemadari aliinama kwa furaha, kwa sababu hakuna kitu alichopenda kama kuulizwa. "Hiyo ni ghala yangu." Akalivuta, akafungua kifuniko. "Tazama mwenyewe. Hawapungui mia nane. Ukiona wamelala hivi unajua mwenye kazi yake alipita."

Muuguzi aliinuka, akarudi nyuma hatua mbili, akaziba pua kwa kiganja. Akatazama sanduku, kitanda, na mto wa mtoto.

"Baba," akasema, "funga hilo sanduku. Polepole."

"Wamekufa hao, dada."

"Naona. Sikiliza. Kinachomkaba mwanao ni protini iliyo kwenye mwili wa mende, kwenye mate yake, kwenye kinyesi chake na kwenye magamba. Mende mzima angalau hukimbia nayo. Huyu wa kwako amekauka, anasagika, anakuwa unga mwembamba usiouona, na mtoto anauvuta kila akigeuka kitandani. Dawa yako inaua mende. Protini haiiui."

"Aliyekufa atafanya nini?" Jemadari aliuliza, na aliuliza kwa dhati kabisa, kwa huruma kidogo, kama mtu anayemsaidia mwenzake aliyepotea njia.

"Anafanya hiki ulichokiona mkononi mwa mtoto. Toa sanduku leo. Godoro litolewe juani, mashuka yafuliwe kwa maji ya moto, chumba kipanguswe kwa kitambaa kibichi, kisifagiliwe." Akamtazama kuanzia kola mpaka pindo. "Na hilo koti."

Hakumaliza habari ya koti kwa sababu Jemadari alishaanza kumsindikiza mlangoni. Jioni mkewe alipouliza ilikuwaje, alisema mgeni alikagua akakosa, na kwa kukosa akaanza kusingizia marehemu. Mkewe aliweka sahani mezani. Baadaye akamwita Jemadari, na yeye jina hilo hulitumia pale tu anapomdharau. "Jemadari," akasema, "alisema sanduku litoke?"

"Alisema mengi."

"Alisema litoke?"

"Nitalitoa Jumapili. Kesho nina kazi nalo."

Kazi aliyokuwa nayo ilikuwa kujipoza moyo. Kuambiwa "sijui" na mtu mwenye miwani ya uzi kulikuwa kumemkaa kooni, na aliamua kwamba Ijumaa hiyo soko litaona gwaride ambalo halijawahi kuonekana: masinia mawili, safu kumi, majenerali watupu mbele na nyuma. Asubuhi, mkewe ameshaondoka, mtoto yuko bafuni, akakaa kitandani na kufungua sanduku. Wakubwa walikuwa chini. Hakuwa na subira ya kuwachambua. Alilishika sanduku kwa mikono miwili akalitikisa, kwa nguvu, ili wadogo washuke na wakubwa wapande. Chini kulikuwa na unga wa miaka minne, wa rangi ya ugoro, na unga huo ukapanda pia. Ulionekana vizuri sana kwenye ule mwanga aliousifia siku zote. Hakuuona.

Mtoto aliingia kuchukua daftari. Alisema "Baba" mara moja. Mara ya pili neno halikutoka.

Pampu ilikuwa mezani. Akavuta mara moja, mara mbili, mara nne. Midomo ilibadilika rangi. Shimo la shingoni lilikuwa likiingia ndani kila alipojaribu kuvuta hewa, na mabega yakipanda mpaka masikioni. Jemadari alitupa sanduku, mende wakamwagika sakafuni pamoja na vyeo vyao, akamnyakua binti yake, akamkumbatia kifuani na kutoka mbio.

Mitaa mitatu si mbali. Alikimbia na kitambi chake, kandambili moja ikabaki njiani, na watu wakapisha. Mtoto alikuwa akimpiga ngumi kifuani, ngumi ndogo zisizo na nguvu, akigeuza uso huku na huku. Jemadari aliona ni hofu. "Tulia, Mama, tumefika," akasema, na kadiri alivyopigwa ndivyo alivyozidi kumbana uso kwenye koti.

Muuguzi alimpokonya mtoto mlangoni mwa zahanati. Hakusalimia. "Vua koti," akasema. "Litoe nje kabisa." Alikuwa ameshamgeuzia mgongo, ana barakoa mkononi na mashine ya mvuke inaunguruma.

Jemadari alilivua na kulitupa uani. Akabaki amesimama na fulana yenye tundu ubavuni, mguu mmoja mtupu, akitazama kifua cha mtoto kikipanda na kushuka. Aliogopa. Akakaa sakafuni, kwa sababu benchi lilikuwa la wagonjwa.

Baada ya muda mrefu filimbi ililegea. Rangi ikarudi midomoni. Mtoto aliinua barakoa kidogo kwa vidole viwili.

"Baba. Koti."

"Nimelitoa, Mama. Liko nje."

"Ukinibeba nalo ndiyo nabanwa zaidi." Akapumzika, akavuta mvuke. "Siku zote. Hata ukinikumbatia ukitoka kazini."

"Siku zote? Na hukusema?"

Mtoto alimtazama kama mtu mzima anavyomtazama mtoto. "Unalipenda," akasema, akarudisha barakoa.

Mkewe aliitwa kutoka kwa dobi, akafika na harufu ya pasi, akakaa upande wa pili wa kitanda. Alipoelezwa na muuguzi habari ya sanduku kutikiswa, jinsi Jemadari mwenyewe alivyoikiri, hakupiga kelele wala hakulia. Alimwambia mumewe arudi nyumbani akasafishe chumba, kwa kitambaa kibichi, na asifagie.

Alisafisha kuanzia mchana mpaka jua likapoa, amepiga magoti, uso umefungwa kitambaa, ndoo baada ya ndoo. Majenerali na makuruta waliingia choo cha shimo bila gwaride. Alipoinua godoro alikuta upande wa chini, kwenye mshono, mstari mnene wa unga wa ugoro kuanzia miguuni mpaka kwenye mto. Alijua wadudu ishirini kwa jina na hilo hakulijua. Koti alilizamisha kwenye karai la maji ya moto na sabuni, na maji yakawa meusi mara tano.

Wiki iliyofuata alirudi sokoni na meza tupu. Siku mbili alijikaza. Siku ya tatu alivuka lango, mikono nyuma, akasimama mbele ya mzee wa ng'ambo.

"Shikamoo, mzee."

Mzee alishtuka kidogo. "Marahaba."

"Hiyo picha ulichapishiwa wapi?"

Mzee alimwelekeza kwa upole, mtaa, duka, na jina la anayefanya vizuri, na upole huo ulimtesa kuliko matusi. Muuza nyanya aliyaona yote akacheka mpaka akashika mbavu, na soko zima likapata la kuzungumza kwa mwezi mmoja. Sikumwonea huruma, na mpaka leo sijaanza.

Kazi ya kupuliza dawa anaifanya bado. Akirudi, haingii. Mkewe ameweka karai na ndoo nje, karibu na bomba, na nguo safi kwenye msumari nyuma ya pazia la gunia. Jemadari ambaye mende hawakuthubutu kuvuka kizingiti chake, sasa yeye ndiye anayezuiwa kizingitini. Anavua, anafunga nguo za kazi kwenye mfuko, anajimwagia maji, anavaa, anagonga mlango wake mwenyewe.

Binti ndiye anayefungua. Miezi mitatu sasa pampu imekaa kwenye begi. Anasimama mlangoni, mkono kwenye komeo, anamkagua.

"Umenawa?"

"Nimenawa, Mama."

"Na nywele?"

Jemadari anapapasa kichwa. Kikavu. Anageuka na kurudi bombani, na binti anamsubiri papo hapo mlangoni, mikono ameshaikunjua.